Gundi ya ngozi ya chupa kwenye udi, fidla na gitaa: wapi itumike na wapi isiguswe (hasa kwa sisi wa pwani)

#1 Fundi_Mkunazini

Wakuu, habari za muda huu.

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, kibarazani na kwenye simu, kwa hiyo leo nimeona nilifungulie uzi. Je, gundi ya ngozi ya chupa, ile ya majimaji, inafaa kujengea na kutengenezea ala za nyuzi? Inafaa, ila si kila mahali kwenye ala. Na kwa sisi wa pwani mahali pake ni pachache kuliko unavyosikia kwenye video za mafundi wa Ulaya na Marekani.

Mimi ni fundi wa ala, niko Mji Mkongwe, Unguja. Kazi zangu nyingi ni udi na fidla za taarab, mara mojamoja gitaa, na gabusi chache (ala ndogo ya nyuzi, jamaa ya udi).

Kwanza tuelewane majina. Gundi ya ngozi ni ngozi ya mnyama, mara nyingi ng'ombe, iliyochemshwa mpaka ikatoa ule utomvu wake. Inauzwa punje kavu za rangi ya asali. Unaziloweka kwenye maji baridi mpaka zivimbe, kisha unazipasha kwa sufuria ndani ya sufuria, joto la nyuzi 60 hivi. Ukiiacha ichemke nguvu yake inapotea, hata kama kwa macho haionyeshi. Hiyo tunaiita gundi ya moto. Ikipoa inaganda kama supu ya makongoro iliyolala, na kwa kweli ni kitu kilekile. Baada ya hapo maji yaliyomo ndani yake yanakauka taratibu, nayo inakuwa ngumu kama kioo.

Gundi ya chupa ni hiyohiyo, ila imetiwa kitu kinachoizuia isigande ikipoa. Old Brown Glue ya Patrick Edwards wa San Diego imetiwa urea. Titebond nao wana ya kwao. Unaifungua, unaipaka, basi. Hakuna sufuria, hakuna kipimajoto.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Gundi ya chupa inasifiwa kwa sababu inakupa muda. Fundi wa nchi ya baridi, karakana ina joto la nyuzi 18, akipaka gundi ya moto ana dakika moja hivi kabla haijaganda. Ya chupa inampa dakika kumi na zaidi, kwake ni ukombozi. Lakini hapa kwetu karakana ina nyuzi 30, na gundi ya moto haigandi haraka namna hiyo. Muda wa kupanga na kubana tayari tunao. Tatizo letu sisi ni unyevu, na kile kilichotiwa kwenye chupa ili gundi isigande ndicho hichohicho kinachoifanya ivute maji ya hewani zaidi. Kwa hiyo unalipia faida usiyoihitaji sana, na unachukua udhaifu unaokuuma zaidi. Hili sikulisoma mahali, nimelipata kwa hasara.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa udi wa mtu, kazi ya Misri, uso wa mbao nyepesi ya msprusi, safi kabisa. Daraja (kile kijiti cha usoni kinachofungiwa nyuzi) limebanduka. Nilikuwa na chupa niliyoletewa na jamaa yangu kutoka safari. Nikasafisha, nikapaka, nikabana siku nzima. Nikafunga nyuzi zote 11, nikaupiga pale kibarazani, sauti tamu. Mwenyewe akaondoka nao Ijumaa. Ilikuwa Masika.

Jumapili jioni yuko mlangoni. Daraja halikuruka, lilikuwa limeteleza. Limesogea kuelekea shingoni kama unene wa sarafu, na nyuma yake limeinuka kiasi cha kupitisha karatasi. Nikaigusa gundi kwa ukucha. Ilikuwa laini kama bigijii. Kumbe udi ulishinda kwenye buti la gari mchana kutwa, na chupa yenyewe tarehe yake ilishapita zamani. Sikuwa nimeitazama. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na yule bwana alikuwa na shughuli usiku uleule. Sijasahau uso wake.

Tangu siku hiyo chupa haigusi ala ya mtu mpaka ipite mtihani. Dondosha tone kwenye kigae cha sakafuni, liache siku moja, wakati wa mvua siku mbili. Libandue ulipinde. Likivunjika "tak" kama pipi, chupa ni nzima. Likipindika, mwaga yote. Msifanyie jaribio hili kwenye kioo cha thamani, maana gundi ya ngozi ikikauka inaweza kung'oa vipande vya kioo. Ndiyo nguvu yake ilivyo ikiwa nzima.

Ninapoitumia: mishono ya uso na mgongo wa fidla, mapambo ya ukingoni, ufa mwembamba ambao gundi inatakiwa iingie taratibu, na vipande virefu vya ndani vinavyohitaji klampu nyingi kabla hujamaliza. Mahali ambapo kazi ni ndefu na mvuto ni mdogo.

Nisipoitumia: daraja la udi, daraja la gitaa, shingo. Hapo napika ya moto, mpya, siku hiyohiyo.

Karibuni.

---

#2 Seremala_Keko

Mkuu uzi mzuri, lakini naomba nikubishie kidogo. Mimi natengeneza fanicha Keko, Dar. Gundi nyeupe ya mbao ya kawaida tunaitumia kila siku, viti vina miaka mingi havijaachia. Bei yake ndogo, haiozi, haitaki kupasha. Kwa nini msiitumie hiyo mkaachana na mambo ya ngozi?

---

#3 Fundi_Mkunazini

Mkuu Seremala, swali la haki kabisa, na kwenye kiti siwezi kubishana nawe.

Tofauti ya kwanza: kiti kinabeba uzito wa mtu, kisha mtu anainuka. Ala yenye nyuzi haipumziki. Gitaa la nyuzi za chuma linavutwa na kilo 70 na zaidi, usiku na mchana, miaka. Gundi nyeupe ikivutwa hivyo bila kupumzika inanyooka kidogokidogo, hasa kukiwa na joto. Haikatiki, inateleza. Gundi ya ngozi ikiwa kavu haitelezi hivyo. Inakaa palepale au inaachia.

Ya pili ndiyo kubwa kwangu. Ala lazima siku moja ifunguliwe. Juzi nilikuwa na udi ambao taruma moja (sisi zile fito za ndani chini ya uso tunaziita mataruma, kama ya jahazi) lilikuwa limeachia, linalia "zzz" kila ukipiga uzi mnene. Ikabidi nifungue uso wote. Nilichukua kisu chembamba kisicho na makali, nikadondosha spiriti kidogo ukingoni. Spiriti inanyonya maji ya gundi, inakuwa kavu mno na inakatika. Ukisukuma kisu unasikia "ka, ka, ka" mshono unaachia nusu inchi kwa nusu inchi, na mbao haijapasuka hata uzi mmoja. Nilipomaliza ndani, nikapangusa kwa kitambaa cha maji moto, nikapaka gundi mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani. Zinashikana kama kitu kimoja.

Udi uliogandishwa kwa gundi nyeupe nikiufungua, mbao inakuja na gundi. Na gundi mpya haishiki juu ya ile nyeupe ya zamani, lazima niikwangue yote mpaka kwenye mbao. Kwenye uso wenye unene usiofika milimita 2, ukikwangua mara mbili hivi umeumaliza.

Fidla ndiyo mfano mzuri. Uso wake unagandishwa kwa gundi nyepesi makusudi, ili mbao ikivimba au ikisinyaa mshono uachie kabla uso haujapasuka. Mshono ni kazi ya nusu saa. Ufa wa uso ni wa maisha. Stradivari alikufa 1737, na fidla zake zimefunguliwa na mafundi vizazi na vizazi, nyingi zimebadilishiwa hata shingo. Kilichowezesha ni gundi.

---

#4 Mzee_wa_Fidla

Fundi, mimi niko Tanga, napiga fidla tangu ujana na kuzitengeneza mwenyewe. Hili la shingo sikubaliani nalo. Fidla yangu ya kila siku nimeirudisha shingo kwa gundi ya chupa, mwaka wa sita huu, haijasogea. Tanga nako ni pwani, mvua inanyesha. Umeungua kwa chupa mbovu, usiitie chupa zote kundi moja.

Na jambo moja hujalisema: mende. Gundi ya ngozi kwao ni chakula. Nilikuta kiungo cha ndani ya fidla kimeliwa mpaka kikawa na meno kama msumeno. Fidla ilikuwa imekaa stoo miaka miwili bila kufunguliwa.

---

#5 Fundi_Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umefika.

Miaka sita ni ushahidi, siwezi kuukataa. Lakini nikueleze ninavyoona. Shingo ya fidla imechongewa ndani ya mwili, imeshikwa pande tatu. Ukiichonga ikakaa sawasawa, umbo lenyewe linabeba sehemu kubwa ya mvuto, na gundi inasaidia. Daraja la udi ni kinyume: ni kijiti cha upana wa kidole kilicholala juu ya ubao mwembamba, nyuzi zote zimefungwa juu yake, hakuna kinachokizuia isipokuwa gundi. Hapo udhaifu mdogo wa gundi ndio mwisho wa daraja. Kwa hiyo nakubali kurekebisha kauli: shingo ya fidla iliyochongwa vizuri, chupa nzima, anayeweza kuipa siku mbili bila nyuzi, afanye. Daraja la udi bado nasema hapana.

Mende ni kweli kabisa, na panya pia. Mimi kwenye sufuria ya gundi natia matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu. Yanachelewesha ukungu na kuoza, na karakana inanukia vizuri. Siwezi kuapa kwamba mende wanaikimbia, lakini ala inayopigwa na kufutwa kila wiki sijaiona ikiliwa. Inayoliwa ni iliyosahauliwa.

---

#6 BintiKanuni

Assalamu alaykum. Mimi najifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, Unguja hapahapa. Nina maswali mawili fundi. Kwanza, hiyo ngozi ni ya mnyama gani? Isije ikawa nguruwe halafu naishika kila siku. Pili, hizo punje na hizo chupa zinapatikana wapi? Nimeuliza maduka ya vifaa vya ujenzi Darajani wananitazama tu.

---

#7 Fundi_Mkunazini

Waalaykum salaam dada yangu. Swali la kwanza ni muhimu na watu wanaona haya kuliuliza.

Punje za gundi ya ngozi wanazotumia mafundi wa ala mara nyingi ni za ng'ombe, lakini si zote. Zipo za sungura, zipo za wanyama wengine, na pakiti nyingi zinaandika "mnyama" tu. Kama huna uhakika, usinunue. Njia rahisi ni hii: nenda supamaketi sehemu ya vifaa vya kuokea, nunua jelatini isiyo na sukari wala ladha, pakiti iliyoandikwa ya ng'ombe na yenye alama ya halali. Jelatini ya kuokea na gundi ya ngozi ni ndugu wa tumbo moja, ila ya kuokea imesafishwa zaidi. Mimi nimeitumia sana kwenye nyufa na mishono. Loweka, pasha kwa nyuzi 60, paka. Inakauka safi karibu bila rangi, haiachi alama ya kahawia kwenye uso wa mbao nyeupe kama gundi ya chupa inavyoacha ukichelewa kupangusa.

Na kwa mtu anayetaka ya majimaji bila kutiwa kitu: ipo gundi ya samaki. Ngozi ya samaki wa bahari ya baridi, kama kodi, inatoa gundi ambayo haigandi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo kwa hewa yetu ni ya maji siku zote kwa asili yake. Inashika kwa haraka ikiguswa. Unyevu nayo unaiathiri, usidhani imepona hapo. Lakini suala la mnyama linaisha.

Kwa kanuni yako, kile kipande cha ngozi ya samaki chini ya daraja kikianza kuinuka pembeni, usijitibu mwenyewe. Njoo nayo kabla hakijapasuka.

---

#8 Benga_Ziwani

Salaam kutoka Kisumu. Mimi ni mtu wa gitaa, benga. Nina akustiki ya nyuzi za chuma, daraja limeinuka nyuma, naweza kupitisha kadi ya simu. Fundi wa hapa anataka kutia supa gluu na skrubu mbili. Nimemwambia angoje. Nifanye nini?

---

#9 Fundi_Mkunazini

Ndugu yangu, umefanya vizuri kumwambia angoje. Kwanza leo hii legeza nyuzi zote. Kila saa zinapovuta, ule mwanya unakua na kung'oa nyuzi za mbao ya uso.

Supa gluu ikiingia mle hutaitoa tena, na skrubu zinapasua daraja na kutoboa ubao wa ndani. Daraja libanduliwe lote kwa joto, taratibu, kwa kisu chembamba. Sehemu zote mbili zikwanguliwe mpaka mbao safi, maana gitaa nyingi za kiwandani zimetumia gundi ya mbao ya kisasa, na ya ngozi haitashika juu yake. Hakikisha daraja linakaa bila mwanya hata kabla ya gundi. Gundi ya ngozi haijazi mapengo, hili watu hawalisikii. Shika daraja, litazame kwenye mwanga wa dirisha: ukiona mwanga unapita chini, rudi kwenye msasa.

Kisha gundi ya moto, klampu, siku nzima au mbili. Kama huwezi kupata ya moto, tumia gundi nzuri ya mbao kuliko ya chupa. Nasema hivyo mimi ninayependa ngozi. Martin ya Marekani, kampuni ya tangu 1833, kwenye gitaa zao za Authentic wamerudi kwenye gundi ya ngozi, lakini gitaa za kawaida duniani zinaishi kwa gundi ya kisasa na zinaimba.

---

#10 Mswahili_Muscat

Nimesoma mwanzo mpaka hapa, Mungu akubariki fundi. Naongeza la kwetu. Udi wangu niliununua huku, ukakaa miaka minne chumbani, AC usiku na mchana. Nikaja nao Unguja kwa harusi ya dada, mwezi wa nne. Siku ya tatu uso ulikuwa umevimba kama chapati, na mshono mmoja wa bakuli (ule mgongo wa mviringo) ukaachia. Nilirudi Muscat, ukafunga wenyewe karibu wote. Nilidhani nimerogwa.

---

#11 Fundi_Mkunazini

Hukurogwa kaka. Mbao ilikuwa imekaa kavu miaka minne, ikaja kunywa maji ya Masika kwa siku tatu. Gundi ya ngozi ikafanya kazi yake: iliachia mshono badala ya kuiacha mbao ipasuke. Mshono ule usiuache hivyo hata kama umefunga. Ndani haujashikana, umegusana tu. Hapo ndipo mahali pa gundi ya chupa nzima: ipashe chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, ipitishe kwa kipande cha karatasi nyembamba mpaka ndani ya mshono, bana kwa mpira wa baiskeli ukizungusha bakuli lote, pangusa, acha siku mbili.

Ukija tena, uache ndani ya kesi iliyofungwa siku ya kwanza, siku ya pili uufungue saa moja, hivyohivyo. Usiutoe AC ukauweka barazani.

---

#12 Seremala_Keko

Fundi nimevutiwa. Hiyo urea uliyoitaja, ni ileile ya mbolea? Maana hapa ipo kila duka la pembejeo. Naweza kujitengenezea ya chupa?

---

#13 Fundi_Mkunazini

Ni ileile. Chukua iliyo nyeupe tupu, usichukue mbolea ya mchanganyiko. Mimi napima gramu 100 za gundi kavu, maji gramu 150, naloweka usiku. Asubuhi napasha kwa nyuzi 60, natia urea gramu 10, nakoroga, naacha kwenye joto saa moja au mbili. Wenye baridi wanatia zaidi ili isigande. Sisi tukitia zaidi tunajiongezea unyevu bure. Kwa gramu 10 ikipoa usiku inakuwa nzito kama asali ya baridi, ukiiweka kwenye maji moto dakika tano inarudi. Hiyo ndiyo nzuri kuliko ya dukani kwa hewa yetu, kwa sababu umetia kidogo unachohitaji.

Tengeneza kidogo, weka friji, andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Ikinuka vibaya au ikiota ukungu, mwaga. Na tone kwenye kigae kila mara, hata kama umeitengeneza wewe jana.

---

#14 Seremala_Keko

Wakuu narudi na matokeo, siku ya tisa leo. Niliunga vipande vya mninga, viwili kwa gundi nyeupe, viwili kwa jelatini ya moto, viwili kwa hiyo ya urea. Nikavining'iniza dirishani upande wa jua, kila kimoja na tofali limefungwa kwa kamba, nikachora mstari wa penseli kupita kwenye kiungo. Mvua imenyesha siku nne kati ya hizo.

Jelatini ya moto: mstari umenyooka. Ya urea: kimoja kimenyooka, kingine kimeachana kama unene wa ukucha. Gundi nyeupe: hakuna kilichodondoka, lakini vyote viwili mstari umevunjika kidogo, unauona ukipitisha kidole.

---

#15 Fundi_Mkunazini

Hii ni kazi safi sana mkuu, nakushukuru. Kile cha urea kilichosogea kivunje kwa mkono utazame ndani. Ukiona nyuzi za mninga zimebaki kwenye gundi, gundi ilishika na unyevu ndio uliolegeza. Ukiona gundi inang'aa laini bila mbao, basi hukubana vya kutosha au vipande havikukaa sawa. Tupia picha hapa tuone. Na vile vingine usivitoe, viache mpaka Vuli iishe.